Rubani aliyewaelekezea bunduki askari wa nchi yake: Hugh Thompson, asubuhi ya My Lai na miaka 30 iliyofuata

#1 Mleta uzi

Wakuu, heshima kwenu.

Tunapowazungumzia marubani wa vita huwa tunahesabu: ametungua ndege ngapi, ameruka mara ngapi, ana nishani ngapi kifuani. Rubani ninayemleta leo hatumkumbuki kwa hesabu hiyo. Anaitwa Hugh Thompson, Mmarekani, rubani wa helikopta ya upelelezi Vietnam. Wanaomfahamu wengi wanaijua asubuhi moja tu ya maisha yake, ile ya tarehe 16 Machi 1968. Nitaieleza, kwa sababu bila hiyo hamtaelewa chochote, ila ninachotaka tukijadili zaidi ni yaliyompata aliporudi nyumbani. Naamini kwa dhati kwamba nchi yake ilimtesa kuliko adui alivyomtesa, na ningependa tulitazame hilo bila haraka.

Historia yake kwa kifupi. Alizaliwa Atlanta mwaka 1943, akakulia Stone Mountain, jimbo la Georgia. Mwaka 1961 alijiunga na jeshi la wanamaji kwenye kikosi cha ujenzi, akatumikia hadi 1964, akarudi nyumbani na kupata leseni ya kuendesha shughuli za mazishi. Angeweza kubaki na kazi hiyo, maana alikuwa ameshatimiza wajibu wake. Vita ya Vietnam ilipopamba moto, mwaka 1966 akarudi jeshini kwa hiari, safari hii jeshi la nchi kavu, akasomea urubani Fort Wolters, Texas, na Fort Rucker, Alabama. Mwishoni mwa 1967 akawa Vietnam akiwa na cheo cha afisa mteule.

Naomba mkishike hicho cheo. Afisa mteule yuko chini ya luteni. Kitatuhusu huko mbele.

Helikopta yake ilikuwa OH-23, kimashine chenye nafasi ya watu watatu na kioo cha duara mbele, ukiwa ndani unaona kila kitu chini ya miguu yako. Alikuwa na vijana wawili: Glenn Andreotta, miaka 20, mkuu wa mitambo, na Lawrence Colburn, miaka 18, mpiga rashasha. Thompson mwenyewe alikuwa na miaka 24. Kazi yao ilikuwa kuruka chini kabisa, usawa wa miti, wakichungulia vichaka na mahandaki ili adui ashawishike kuwafyatulia risasi. Akifyatua amejulikana alipo, na helikopta kubwa zenye silaha zinazowafuata kwa juu zinamshukia.

Naendelea.

#2 Mchangiaji

Mkuu, kwa hiyo hawa walikuwa chambo? Na hawakuwa na kinga yoyote?

#3 Mleta uzi

Ndiyo mkuu, chambo hasa. Kinga yao ilikuwa wepesi wa helikopta, macho yao na zile helikopta mbili za juu. Ndiyo maana nasema jamaa hakuwa mwoga wala mtu wa ofisini aliyeikuta vita kwa bahati mbaya.

Sasa asubuhi yenyewe.

Kombania C, askari kama 100 chini ya Kapteni Ernest Medina, iliteremshwa kwa helikopta karibu na My Lai, mkoa wa Quang Ngai, kiasi cha saa moja na nusu asubuhi. Walikuwa wameambiwa watakumbana na batalioni ya Vietkong, wapiganaji wa kikomunisti waliokuwa wakipigana na Marekani. Hawakukumbana na batalioni yoyote. Walikuta wanawake, wazee na watoto, familia zikiandaa chakula cha asubuhi. Siku nzima askari mmoja tu wa Marekani aliumia, naye alijipiga risasi ya mguu mwenyewe. Ripoti ya jeshi iliyotoka ilisema wameuawa maadui 128, na silaha zilizokamatwa ni 3. Zisomeni tena hizo namba mbili. Mtu yeyote aliyezitazama kwa makini siku ile ile angejua kuna jambo.

Thompson alikuwa juu, na jambo la kwanza aliloliona ni miili mingi mno. Akadhani ni mizinga iliyotangulia kupigwa. Halafu akaanza kuona majeruhi, raia, kwenye majaruba ya mpunga na kando ya njia. Akafanya kile rubani mwema angefanya: akawadondoshea mabomu ya moshi wa kijani kuwawekea alama, ili askari wa ardhini wajue hapa pana mtu wa kupewa huduma. Akaondoka kwenda kujaza mafuta. Aliporudi, wale aliowawekea moshi walikuwa wamekufa.

Naomba nisimame hapa kidogo, maana wengi wanaosimulia habari hii hukimbilia tukio la bunduki. Mimi sehemu inayoninyima usingizi ni huu moshi. Amemwona mama aliyejeruhiwa, amemhurumia, amemwekea alama ya kumwokoa, na alama ile imemwongoza muuaji. Mmoja wao alikuwa mwanamke kijana aliyelala kando ya jaruba. Helikopta ilikuwa inaelea mita chache kutoka ardhini, wote watatu wakitazama, pale kapteni alipomwendea, akamsukuma kwa mguu, akarudi nyuma na kumpiga risasi. Alikuwa Medina. Baadaye alikiri kumpiga, akajitetea kwamba alidhani ameshika bomu la mkono.

Hapo ndipo Thompson alipoelewa kwamba wanaoua ni watu wake.

#4 Mchangiaji

Aisee. Mkuu usituache hapo.

#5 Mleta uzi

Siwaachi ndugu yangu.

Upande wa mashariki wa kijiji kulikuwa na mfereji wa umwagiliaji. Thompson aliuona umejaa miili, na baadhi ilikuwa bado inatikisika. Akatua. Akamwuliza sajenti mmoja kama wanaweza kuwasaidia wale watu, akajibiwa kwamba msaada pekee ni kuwamaliza. Akaja Luteni William Calley, kiongozi wa platuni. Thompson akahoji kinachoendelea, Calley akamwambia mambo ya ardhini ni yake na yeye arudi kwenye helikopta yake. Hapo ndipo cheo kinapoingia: luteni anamwambia afisa mteule, nenda zako. Thompson akaondoka. Wakati helikopta inapanda, Andreotta akapiga kelele kwamba sajenti anafyatua risasi ndani ya mfereji.

Dakika chache baadaye wakaona raia wakikimbilia handaki, na nyuma yao askari wa Marekani wakiwafuata. Watoto, wanawake, mzee. Thompson alikuwa na sekunde chache za kuamua. Akaishusha helikopta katikati, kati ya askari na handaki.

Akamfuata luteni aliyekuwa anaongoza wale askari, akamwomba msaada wa kuwatoa watu handakini. Luteni akamjibu kwamba njia ya kuwatoa ni bomu la mkono. Thompson akasema yeye anaweza kuwatoa kwa njia bora zaidi, na kwamba askari wabaki pale walipo. Akarudi kwa vijana wake akawaambia: hawa askari wakianza kuwapiga risasi raia, au mimi, wapigeni. Kisha akageuka, akaenda kwenye lile handaki akiwa peke yake, akawaita wale watu kwa ishara za mikono.

Hebu jiwekeni kwenye nafasi ya Colburn. Una miaka 18, una rashasha ya M60 mkononi, na mbele yako wamesimama vijana wa rika lako wenye sare kama yako. Hakuna risasi iliyofyatuliwa. Askari walisimama, wakatazama.

Walitoka kiasi cha watu 10. OH-23 isingeweza kuwabeba, kwa hiyo Thompson akawaita kwa redio wenzake wa helikopta kubwa za kivita, Danny Millians na Brian Livingston. Helikopta ya mashambulizi haitui katikati ya eneo la mapigano kubeba raia, haikuundwa kwa kazi hiyo. Millians akatua. Akawabeba kwa awamu mbili.

Walipopita tena juu ya mfereji Andreotta akaona kitu kinacheza. Wakatua kwa mara nyingine. Andreotta akateremka, akapita kati ya maiti, akarudi amembeba mtoto aliyelowa damu ambaye hakuwa na jeraha kubwa. Thompson alisema baadaye kwamba alikuwa na mwanawe nyumbani wa rika kama lile. Wakamrusha hospitali ya Quang Ngai.

Thompson akarudi kituoni, akavamia kwa mkuu wake akiwa amewaka hasira, akasema kila alichokiona, na marubani wengine wakathibitisha. Amri ya kusitisha mauaji ikatolewa kwa redio kutokana na kelele zile. Serikali ya Marekani ilihesabu waliouawa kuwa 347. Kwenye mnara wa kumbukumbu kijijini yameandikwa majina 504.

#6 Mchangiaji

Mkuu, nimesoma kwa uchungu, lakini lazima mtu aseme upande wa pili. Nakubali mauaji yale ni uhalifu. Ila jeshi haliendi kwa kila mtu kuamua mwenyewe. Rubani anaamuru vijana wake wawapige risasi askari wenzao wakiwa vitani! Angeripoti, angepiga picha, angeshtaki baadaye. Kila rubani akitua na kuwaelekezea wenzake silaha kwa sababu hajapenda anachokiona, hilo jeshi litabaki? Nadhani waliomwita msaliti walikuwa na hoja, hata kama hatuipendi.

#7 Mleta uzi

Nashukuru kwa kuliweka wazi mkuu, maana hii ndiyo hoja iliyomwandama hadi nyumbani.

Kwanza, alikuwa ameripoti. Alishazungumza kwenye redio, alishatua na kumwuliza sajenti, alishabishana na luteni. Handaki ilikuwa hatua ya mwisho, baada ya kila mlango kufungwa. Ukisema angesubiri kushtaki baadaye, unawaambia wale watu 10 wafe kwanza ili utaratibu ufuatwe.

Pili, utii wa kijeshi una mpaka. Mikataba ya Geneva ya 1949 inawalinda raia na majeruhi, na Marekani iliiridhia. Sheria ya kijeshi ya Marekani inamtaka askari atii amri halali. Calley mahakamani alijitetea kwamba alikuwa anatekeleza amri, na mahakama ya kijeshi, iliyokuwa na maafisa wenzake watupu, ikaukataa utetezi huo. Kwa hiyo aliyekuwa ameasi jeshi lake pale mferejini ni Calley. Thompson ndiye aliyekuwa analifuata.

Tatu, na hili nakuomba ulipime kwa nafsi yako, aliwaamuru vijana wake wafyatue ikiwa tu askari watawafyatulia raia au yeye mwenyewe. Aliuacha uamuzi mikononi mwa wale askari. Wao wakachagua kutofyatua, na mpaka leo tunaweza kusema wapo askari wa Kombania C ambao hawakuongeza mauaji mengine pale handakini. Kwa maoni yangu hao nao aliwaokoa.

#8 Mchangiaji

Hoja ya tatu sikuwa nimeifikiria. Bado nina wasiwasi na kanuni yenyewe, lakini kwa tukio hili naiweka silaha chini. Sasa hebu tueleze huko nyumbani ilikuwaje.

#9 Mleta uzi

Huko ndiko nilikokusudia tufike.

Aliendelea kuruka Vietnam baada ya siku ile. Andreotta hakuvuka hata mwezi: aliuawa tarehe 8 Aprili 1968 helikopta aliyokuwemo ilipotunguliwa. Thompson naye aliangushwa zaidi ya mara moja, na mara ya mwisho akavunjika mgongo, akasafirishwa hospitali Japani.

Wakati huo huo jeshi lilikuwa linafunika. Uchunguzi wa ndani ulihitimisha kwamba raia 20 waliuawa kwa bahati mbaya. Ishirini! Thompson akapewa nishani ya juu ya urubani, Distinguished Flying Cross, na maelezo yaliyoandikwa kwenye hati yake yalisema amemwokoa mtoto aliyenaswa katikati ya mapigano makali. Mapigano gani, wakati hakukuwa na adui? Walichukua tendo lake wakaligeuza kuwa ushahidi wa uongo wao. Thompson akaitupa nishani ile.

Jambo likalala zaidi ya mwaka. Mwaka 1969 askari mmoja, Ronald Ridenhour, ambaye hakuwepo My Lai ila alisikia kwa waliokuwepo, aliwaandikia barua wabunge na viongozi. Novemba mwaka huo mwandishi Seymour Hersh akaianika habari magazetini. Jeshi likaunda tume chini ya Luteni Jenerali William Peers, na Thompson, akiwa sasa Marekani, akaitwa kutoa ushahidi. Akasema ukweli ule ule aliousema siku ya kwanza.

Hapo nchi ikamgeukia. Mwenyekiti wa kamati ya majeshi ya Baraza la Wawakilishi, Mendel Rivers wa South Carolina, alimhoji kama mtuhumiwa, akasema hadharani kwamba kama kuna mtu anayestahili kuadhibiwa kwa mambo ya My Lai ni rubani huyu aliyewaelekezea silaha askari wa Marekani. Mbunge, mtunga sheria, anataka anayeshtakiwa awe yule aliyezuia.

Thompson alisimulia kwamba akiingia kwenye ukumbi wa maafisa hakuna aliyemsemesha. Simu za vitisho vya kumuua ziliita nyumbani. Asubuhi nyingine akifungua mlango anakuta wanyama waliokufa, wamekatwakatwa, wametupwa kibarazani. Fikirini hali hiyo kwa mtu aliyekuwa amevunjika mgongo akiitumikia bendera ile ile.

Na tazameni upande wa pili wa mizani. Watu kama 26 walishtakiwa kwa mauaji au kwa kufunika. Medina akaachiwa huru. Aliyetiwa hatiani ni Calley peke yake, Machi 1971, kwa kuwaua watu 22, akahukumiwa kifungo cha maisha. Rais Nixon akaamuru atolewe gerezani na kuwekwa kizuizini nyumbani kwake kambini, na mwaka 1974 akawa mtu huru. Kesi hiyo ilisikilizwa Fort Benning, Georgia, jimbo alilokulia Thompson, na Thompson alikuwa shahidi. Baada ya hukumu gavana wa Georgia wa wakati ule, Jimmy Carter, aliwaomba wananchi waendeshe magari wakiwa wamewasha taa mchana kuonyesha kuwaunga mkono wapiganaji. Barabara za nyumbani kwake ziliwaka taa kwa ajili ya Calley. Thompson hakuwashiwa hata moja.

#10 Mchangiaji

Mkuu, nimekuwa nikifanya kazi ya ushauri nasaha na watu waliotoka jeshini. Niongeze kidogo. Watu hudhani askari anarudi uraiani akiwa na hofu tu: mlio, ndoto, kushtuka usiku. Hiyo ipo. Lakini kuna maumivu mengine ambayo siku hizi wataalamu wanayatenganisha, jeraha la dhamiri, pale mtu anapokuwa ameshuhudia, ametenda au ameshindwa kuzuia jambo linalovunja kila alichofundishwa kuwa ni haki. Hofu inaweza kupungua mtu akijihisi yuko salama. Jeraha la dhamiri halipungui kwa usalama, linahitaji mtu wa kukuamini. Sasa huyu bwana wa moshi wa kijani alirudi kwa watu ambao hawakutaka hata kumsikiliza. Simjui binafsi, ila kwa niliyoyaona kazini, hapo ndipo ningetegemea mtu avunjike.

#11 Mleta uzi

Asante sana mkuu, umenisaidia kulisema vizuri kuliko nilivyokuwa nimepanga.

Na kweli alivunjika. Miaka iliyofuata ilikuwa ya ulevi, ndoa kuvunjika na ndoto za usiku ambazo hazikumwacha hadi uzeeni. Sitaki kuzipamba sehemu hizi, wala kuziruka. Kuna watu wakisimulia mashujaa huwafanya waonekane hawakuumia. Huyu aliumia.

Wengine hushangaa kwamba alibaki jeshini muda mrefu baada ya hayo. Alifundisha marubani wapya, kazi aliyoiweza, akastaafu mwaka 1983. Mimi nadhani kuruka kulikuwa kitu kimoja ambacho hakuna aliyeweza kumnyang'anya. Ushahidi wangu ni kazi aliyoikimbilia uraiani: akawa rubani wa helikopta za kupeleka wafanyakazi kwenye majukwaa ya mafuta Ghuba ya Mexico. Wanaoijua kazi hiyo wanajua si ya mapumziko. Unaondoka nchi kavu na watu nyuma yako, chini ni maji matupu, unatafuta kijukwaa cha chuma cha kutua katikati ya bahari, upepo unavyotaka. Ila ni kazi safi. Abiria wako wanapanda wazima na wanashuka wazima. Kwa mtu aliyewahi kuwawekea watu alama ya uokoaji na akawakuta wamekufa, naona kulikuwa na dawa fulani katika hilo. Hayo ni maoni yangu, hayakuandikwa mahali.

Baadaye akaishi Lafayette, Louisiana, akafanya kazi kwenye idara ya jimbo inayowahudumia askari wastaafu, akiwasaidia wenzake kupata haki na matibabu yao. Naomba mlitafakari hilo. Waliokuwa wanakaa mbele ya meza yake ni watu wa jeshi lile lile ambalo wengi wake walimwita msaliti, na yeye anawajazia fomu, anafuatilia madai yao. Alikuwa na kila sababu ya kuwakimbia.

#12 Mchangiaji

Swali mkuu: hivi ilikuwaje wakamkumbuka? Maana kuna nishani ya 1998.

#13 Mleta uzi

Aliyemkumbuka ni raia. Profesa wa Chuo Kikuu cha Clemson, David Egan, alimwona akihojiwa kwenye makala ya televisheni mwishoni mwa miaka ya 1980, akaona ni aibu kwamba mtu huyu hana heshima yoyote ya taifa. Akaanza kuandika barua. Barua kwa wabunge, barua kwa maafisa, barua kwa kila aliyeweza kusikia, miaka nenda miaka rudi.

Jeshi lilipokubali, lilipendelea shughuli ndogo isiyo na kelele. Thompson akakataa. Alitaka mambo mawili: vijana wake wawili wapewe pia, na itolewe hadharani kwenye ukuta wa kumbukumbu ya waliokufa Vietnam, jijini Washington. Andreotta alikuwa tayari kwenye ukuta huo, jina lake limechongwa pamoja na wenzake. Tarehe 6 Machi 1998 ikafanyika hivyo, Thompson na Colburn wakavishwa Soldier's Medal, Andreotta akapewa akiwa marehemu.

Nishani hiyo ndiyo ya juu kabisa ambayo jeshi la nchi kavu la Marekani humpa askari kwa ushujaa usiohusisha kupambana na adui. Nimefurahi kwamba wamechagua hiyo. Hati ya kwanza ilisingizia mapigano. Hii ya pili imekubali kwamba pale hakukuwa na adui.

Siku 10 baadaye, kwenye kumbukumbu ya miaka 30, Thompson na Colburn walikuwa My Lai. Wakakutana na wanawake waliotolewa handakini. Mama mmoja aliyenusurika akawauliza kwa nini wale waliofanya mauaji hawakuja nao. Thompson akajiandaa kusikia maneno ya kisasi. Mama akasema angependa wangekuja ili awasamehe. Thompson alisimulia hilo mara nyingi, na kila mara aliongeza kwamba yeye mwenyewe hakuweza kuwasamehe, hakuwa na ukubwa huo wa moyo. Namheshimu zaidi kwa kukiri hivyo. Mwaka 2001 walirudi tena, wakakutana na Do Ba, anayetajwa kuwa ndiye mtoto aliyetolewa mferejini, sasa mtu mzima.

#14 Mchangiaji

Mimi ndiye wa #6. Nimerudi kusoma yote. Nina swali moja la haki kabisa: je, jeshi lenyewe limejifunza kitu, au lilimvisha nishani yakaisha?

#15 Mleta uzi

Swali zuri mkuu, na nitakujibu kwa kadiri ninavyoweza kuthibitisha.

Thompson na Colburn walialikwa kuzungumza na maafisa wanafunzi, ikiwemo chuo cha jeshi la nchi kavu cha West Point na chuo cha wanamaji cha Annapolis, na kisa chao kinafundishwa kwenye masomo ya maadili ya uongozi wa kijeshi. Maana yake kuna maafisa waliopo kazini leo ambao swali lako la #6 waliulizwa darasani wakiwa vijana, kabla ya kushika bunduki mbele ya kijiji cha watu. Hilo ni jambo la maana. Kama linatosha, siwezi kusema linatosha, kwa sababu mtu mmoja kati ya wote wale ndiye aliyetiwa hatiani, na hilo halifutiki kwa kufundishwa darasani.

Ninalolishikilia ni kwamba alialikwa vyuoni akiwa mzee. Kijana aliyerudi 1969, mgongo umevunjika, ndiye aliyehitaji mtu wa kumwambia umefanya sawa. Miaka ile hakuna mwenye cheo aliyejitokeza kulisema hadharani. Nchi ikitaka marubani wa namna hii iwapokee siku wanaporudi.

Thompson alifariki tarehe 6 Januari 2006, akiwa na miaka 62, kwa saratani, hospitali ya wastaafu wa jeshi huko Louisiana. Colburn alikuwa kando ya kitanda chake. Colburn naye alifariki Desemba 2016.

#16 Mchangiaji

Na Calley mkuu? Aliwahi kuomba radhi?

#17 Mleta uzi

Ndiyo. Agosti 2009, akizungumza kwenye klabu ya kijamii mjini Columbus, Georgia, alisema haipiti siku asijutie yaliyotokea My Lai, akaomba radhi kwa Wavietnam waliouawa, kwa familia zao na kwa askari wa Marekani waliohusishwa. Bado alishikilia kwamba alifuata amri. Alifariki Aprili 2024. Radhi ile ilipotoka Thompson alikuwa ameshazikwa miaka 3 nyuma, na yule mama wa My Lai alikuwa ameshasema tangu 1998 kwamba anawasubiri.

Mwenye maswali kuhusu ripoti ya tume ya Peers aulize hapa hapa, nitajibu nikirudi kesho. Uzi uko wazi.